Tumbo la Jumatatu: Mtoto Mwenye Wasiwasi Uliozidi

SOMO LA AFYA

Leo tuna somo juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho. Hauna upele. Hauna kikohozi. Ukimpima mtoto homa, hana. Lakini mtoto anaumwa kweli. Ugonjwa wenyewe ni wasiwasi uliozidi.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio. Walisoma vitabu, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Walijifunza juu ya malaria, safura, kichocho na kuhara. Hayo ni magonjwa ya mwili. Lakini mtu si mwili tu. Mtu ana moyo na akili pia, na mtoto naye ni mtu. Kwa hiyo leo tunaendelea pale pale: mtu ni afya, na afya ya mtoto ni pamoja na utulivu wa moyo wake.

Soma polepole. Ukichoka, weka alama, urudi kesho. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

MFANO WETU

Tuanze na mfano. Mfano huu tumeutunga, lakini mambo yake hutokea katika vijiji vyetu.

Kuna binti mmoja wa miaka 8. Yuko darasa la pili. Mwaka jana alikuwa anapenda sana shule. Akiamka tu anauliza, "Mama, kumekucha?" Kisha mbio, anakwenda kuwahi namba.

Baadaye mama yake alipata matatizo ya uzazi. Alichukuliwa usiku akapelekwa hospitali ya wilaya. Binti alikuwa amelala. Asubuhi aliamka, mama hayupo. Akauliza. Watu wazima wakamwambia, "Mama kaenda sokoni. Anakuja sasa hivi."

Mama hakuja siku ile. Hakuja kesho yake. Alikaa hospitali wiki mbili. Kisha akarudi salama, na mtoto mchanga mgongoni. Watu wakafurahi, wakapika, wakala.

Lakini binti yule alibadilika. Mama akienda kisimani, yeye nyuma. Mama akienda chooni, yeye anasimama mlangoni. Usiku hataki kulala peke yake. Anaamka akipapasa kitanda kuona kama mama yupo. Ikifika Jumatatu asubuhi, analia, "Mama, tumbo! Tumbo linaniuma!" Mara nyingine anatapika kweli. Akibakishwa nyumbani, ikifika saa nne tumbo limepona na anacheza.

Siku zikapita. Mwezi wa kwanza, wa pili. Mwalimu mkuu akaleta barua: mtoto huyu hahudhurii.

Nyumbani kila mtu akawa na neno lake.

Baba akasema, "Huyu ni mvivu tu. Kiboko kitamponya tumbo."

Bibi akasema, "Mwacheni mjukuu wangu. Apumzike nyumbani mpaka mwakani. Shule haikimbii."

Jirani akapita akasema, "Eti nyie hamjui? Mtoto huyu kachezewa."

Mama alinyamaza. Alimtazama binti yake akaona macho ya mtu anayeogopa, si macho ya mtu mvivu. Jumatatu iliyofuata akamfunga mtoto mchanga mgongoni, akamshika binti mkono, akaenda naye zahanati.

KWENYE ZAHANATI

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Karibu uketi. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo kidogo. Tumbo, daktari. Kila siku ya shule, tumbo."

Mganga hakusema, "Huyu anajifanya." Kwanza alimpima. Alimtoboa kidole akaangalia malaria. Alipima choo akatafuta minyoo. Alipima mkojo. Alimpima uzito. Alimbonyeza tumbo taratibu. Vipimo vyote vilikuwa vizuri.

Kumbuka jambo hili, ndugu msomaji. Maumivu ya tumbo yana sababu nyingi. Tusianze kusema, "Ni woga tu." Mwili upimwe kwanza.

Kisha mganga alimwomba mama asogee kidogo, hapo hapo mlangoni anapoonekana. Akamwuliza mtoto kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, kuna mtu anayekuumiza njiani? Au shuleni? Kuna mtu anakushika usivyotaka?"

"Hapana."

"Kuna mwalimu unayemwogopa?"

"Hapana."

"Basi ukiwa darasani, unawaza nini?"

Mtoto alikaa kimya. Kisha akasema polepole: "Nawaza nikirudi nitakuta mama hayupo. Watasema kaenda sokoni."

Mama aliyasikia maneno hayo. Machozi yakamtoka.

WASIWASI NI NINI?

Woga si ugonjwa. Woga ni mlinzi. Ukikanyaga nyasi ukasikia "shh", unaruka kabla hujafikiri. Baadaye unaona kumbe ni nyoka. Mlinzi kafanya kazi yake.

Woga ukija, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo hupiga haraka ili kusukuma damu kwenye miguu na mikono. Pumzi huwa fupi. Jasho hutoka. Kazi ya tumbo kusaga chakula husimama kidogo, kwa sababu mwili una kazi nyingine ya haraka. Ndiyo maana mtu mwenye woga huumwa tumbo, huhisi kichefuchefu, au hukimbilia chooni. Mtoto hadanganyi. Tumbo linamuuma kweli.

Sasa mfikirie mbwa wa nyumbani. Mbwa mzuri humbwekea mwizi. Lakini mbwa mwingine hubweka jani likianguka. Humbwekea mgeni, jirani, hata mwenye nyumba. Usiku kucha hakuna usingizi. Mbwa huyo si mbaya. Amezidisha kazi. Hatumuui, tunamfundisha.

Wasiwasi uliozidi ni kama mbwa huyo. Mlinzi anabweka pasipo mwizi.

WOGA WA KAWAIDA KWA UMRI

Kila umri una woga wake:

1. Mtoto wa miezi 8 hivi hulia akishikwa na mgeni. Ni kawaida.

2. Mtoto wa miaka 2 mpaka 5 huogopa giza, radi, wanyama na kuachwa. Ni kawaida.

3. Mtoto wa shule huogopa mtihani, ajali, au wazazi kufa. Ni kawaida, kama haumshindi.

4. Kijana huogopa kuchekwa na wenzake. Ni kawaida pia.

Woga wa namna hii huja na kupita. Tunauita ugonjwa pale unapofanya mambo matatu. Kwanza, ni mkubwa kuliko jambo lenyewe. Pili, unakaa wiki nyingi bila kupungua. Tatu, unamzuia mtoto kufanya kazi za umri wake, kama vile kusoma, kucheza, kulala, kula na kuongea na watu.

WASIWASI ULIOZIDI UNA SURA NYINGI

Wapo watoto wanaoogopa kuachana na mzazi, kama binti wa mfano wetu.

Wapo wanaoogopa kitu kimoja tu, kama mbwa, sindano, maji au giza.

Wapo wanaoogopa macho ya watu. Mwalimu akiwauliza, wanajua jibu, lakini mdomo haufunguki. Wengine huongea vizuri nyumbani, shuleni wasiseme neno hata moja kwa miezi. Watu huwaita mabubu au wakaidi. Si mabubu, wala si wakaidi. Woga umewafunga ulimi.

Wapo wanaohofia kila kitu. "Baba, mvua isiponyesha? Baba, nyumba ikiungua? Baba, ukiumwa?" Maswali hayaishi.

Wapo waliopatwa na jambo zito, kama moto, mafuriko, ajali au kupigwa. Jambo limepita, lakini mwilini mwao halijapita. Hao wanahitaji mtaalamu mapema.

Tunapaswa kuwaangalia hasa watoto wapole. Mtoto mtundu huonekana na kila mtu. Mtoto mwenye wasiwasi hukaa kimya nyuma ya darasa, na watu humsifu kwa adabu yake.

WOGA HULISHWA NA NINI?

Hapa ndipo pana kiini cha somo letu. Tusome kwa makini.

Binti alipobaki nyumbani, tumbo lilipona. Alifundishwa nini siku ile? Alijifunza kwamba, "Nimepona kwa sababu sikuenda. Kumbe shule ni hatari kweli." Jumatatu iliyofuata woga ulikuwa mkubwa zaidi. Kila anapokimbia, woga unashiba na kunenepa. Hivyo neno la bibi, ingawa ni la upendo, linaulisha woga.

Na kiboko je? Mtoto anayeogopa kuachwa, ukimpiga, sasa ana hofu mbili: ya kuachwa na ya kupigwa. Huenda akaenda shule siku hiyo kwa kuogopa fimbo. Lakini moyoni hajatulia hata kidogo, na sasa hana wa kumwambia. Hivyo neno la baba nalo linaulisha woga.

Na neno la jirani? Linampa mtoto hofu ya tatu: kwamba kuna mtu anataka kumwangamiza. Tena linapoteza muda na fedha.

Basi dawa ni nini? Dawa ni kuusogelea woga polepole, hatua kwa hatua, pamoja na mtu ambaye mtoto anamwamini. Mtoto hakimbii, wala hasukumwi. Anasogea.

MTOTO PETER NA SUNGURA

Jambo hili si jipya. Limejaribiwa kwa miaka mia moja na zaidi. Mwaka 1924 mama mmoja mtaalamu wa mambo ya akili, Mary Cover Jones, aliandika habari ya mtoto aliyemtibu huko Marekani, mjini New York. Katika maandishi yake mtoto huyo anaitwa Peter. Alikuwa hajatimiza miaka 3.

Peter alimwogopa sungura. Aliogopa pia panya mweupe, koti la manyoya, hata pamba. Akimwona sungura analia.

Yule mama hakumpiga Peter, wala hakumficha sungura. Alileta watoto wengine wasioogopa, wakacheza na sungura mbele ya Peter. Baadaye alimpa Peter chakula anachokipenda, huku sungura akiwa mbali ndani ya tundu. Siku kwa siku sungura alisogezwa. Mwanzo alikuwa umbali wa futi 12. Kisha futi 4. Kisha futi 3. Kisha karibu kabisa, bado akiwa ndani ya tundu. Kisha akafunguliwa. Mwishoni Peter alimwacha sungura amtafunetafune vidole.

Lakini njiani kulikuwa na kikwazo. Katikati ya kazi hiyo Peter aliugua, akalazwa hospitali karibu miezi miwili. Siku alipotoka, mbwa mkubwa alimrukia. Woga ukarudi kama mwanzo. Wakaanza tena kutoka chini, na safari hii wakafika.

Basi tunajifunza mambo mawili. La kwanza, woga hupungua ukisogelewa kidogo kidogo. La pili, ukirudi, usikate tamaa. Anza tena kutoka chini.

NGAZI YA WOGA

Mganga wa mfano wetu alichukua kipande cha karatasi. Akamwambia mama, "Tuchore ngazi." Mtoto mwenyewe aliulizwa, "Kipi ni rahisi? Kipi kigumu?" Ngazi ikawa hivi:

Hatua ya 1: Mama akae chumbani, binti akae uani kwa muda wa kuchemsha chai.

Hatua ya 2: Mama aende kisimani na kurudi. Binti abaki na bibi.

Hatua ya 3: Mama amfikishe darasani, akae chini ya mti uani mwa shule mpaka mapumziko.

Hatua ya 4: Mama akae chini ya mti nusu saa tu, kisha aage na kuondoka.

Hatua ya 5: Mama aishie mlangoni mwa shule.

Hatua ya 6: Mama aishie nusu ya njia. Binti aendelee na watoto wa jirani.

Hatua ya 7: Binti aende na wenzake tangu nyumbani.

Mganga akasema: "Kila hatua irudiwe mpaka woga upungue. Usipande ya pili kabla ya kwanza haijazoeleka. Mtoto atalia mwanzoni. Woga hupanda kama mawimbi, halafu hushuka wenyewe. Usimwondoe wimbi likiwa juu. Ngoja naye lishuke, ndipo atajua kwamba linashuka."

Akaongeza: "Na mwalimu lazima ajue. Bila mwalimu, ngazi yetu ina mguu mmoja."

Jioni mganga alimwita baba pia. Akamweleza taratibu, bila kumlaumu. Baba alisikiliza, kisha akasema, "Kumbe mimi niliogopa ardhi ya kisima kirefu nikiwa mdogo. Marehemu baba alinishika mkono siku nyingi mpaka nikazoea. Sikukumbuka."

MANENO YA KUMWAMBIA MTOTO

Maneno ni dawa, na maneno ni sumu. Angalia:

Usiseme: "Wewe mwoga! Mwone mdogo wako, haogopi."
Sema: "Naona unaogopa. Nipo nawe. Twende hatua moja."

Usiseme: "Hakuna cha kuogopa, nyamaza."
Sema: "Tumbo linauma kwa sababu mwili wako umeogopa. Litapoa. Jana lilipoa, sivyo?"

Usiseme: "Usiponyamaza, daktari atakuchoma sindano. Nitamwita zimwi."
Watu wengi hutumia vitisho hivi. Mtoto hunyamaza leo, lakini kesho anaogopa daktari anayetakiwa kumponya.

Usiondoke kwa kumtoroka. Aga kwa kifupi: "Nakwenda. Saa saba utanikuta nyumbani." Halafu saa saba awepo mtu, kama ulivyosema. Usidanganye, hata kwa nia njema. Binti wa mfano wetu hakuumizwa na safari ya mama ya hospitali peke yake. Aliumizwa pia na neno "sokoni". Laiti angeambiwa, "Mama anaumwa, yuko hospitali, anatunzwa, tutampelekea uji," angeogopa, ndiyo, lakini angejua la kuamini.

Mtoto akijitahidi, msifu. Si lazima zawadi ya fedha. Neno linatosha: "Leo umefika mpaka mlangoni ukiwa na woga wako. Huo ndio ushujaa." Shujaa naye huogopa, lakini husogea.

PUMZI YA KUPOZA UJI

Mfundishe mtoto pumzi hii wakati ametulia, si wakati analia.

Mwambie ashike kikombe cha mawazo, kikombe cha uji wa moto. Avute harufu ya uji kwa pua, taratibu, ukihesabu 1, 2, 3. Kisha aupoze uji kwa mdomo, taratibu, ukihesabu 1, 2, 3, 4, 5. Asipulize kwa nguvu, uji utamwagika. Arudie mara tano.

Pumzi ndefu huuambia mwili kwamba hakuna mwizi, na moyo hupunguza mbio. Lakini pumzi si badala ya ngazi. Ni fimbo ya kutembelea tu wakati wa kupanda.

VIDONGE JE?

Watu huuliza, "Hakuna dawa ya kumeza?" Ipo, lakini ni kazi ya daktari.

Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kazi yao kwa watoto 488 wa miaka 7 mpaka 17 wenye wasiwasi uliozidi. Waliwagawa makundi manne. Baada ya wiki 12 waliangalia nani amepata nafuu kubwa. Katika kila watoto 100:

Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani: 24.
Waliopewa dawa iitwayo setralini: 55.
Waliofundishwa na mtaalamu kuukabili woga hatua kwa hatua: 60.
Waliopewa vyote viwili, dawa na mafunzo: 81.

Soma hesabu hizo tena. Mafunzo peke yake yaliwasaidia zaidi ya nusu ya watoto. Kwa hiyo watoto wengi wanaweza kuanza bila kidonge. Ugonjwa ukiwa mzito, daktari anaweza kuongeza dawa, naye atamfuatilia mtoto. Usimpe mtoto dawa za usingizi au za kutuliza ulizonunua dukani au ulizopewa na jirani. Zinaweza kumdhuru, na hazimfundishi kitu.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya kama:

1. Woga umekaa zaidi ya mwezi na unamzuia kwenda shule, kulala au kula.

2. Anakonda, ana homa, anaharisha, anaanguka kifafa, au anaumwa hata siku za raha.

3. Umejaribu ngazi kwa wiki kadhaa na hakuna mabadiliko.

4. Anasema anataka kufa, au anajiumiza. Hapo usingoje kesho, wala usimwache peke yake.

Zahanati ikishindwa, itaandika barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ziko pia hospitali kubwa zenye wataalamu wa akili, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma. Kupelekwa huko si kuitwa mwehu. Mtu aliyevunjika mguu huenda kwa daktari wa mifupa, na haoni haya.

Sasa jambo zito. Mara nyingine mbwa anabweka kwa sababu mwizi yupo. Mtoto anaweza kuogopa shule kwa sababu kuna mtu anamwonea njiani. Anaweza kumwogopa mjomba au jirani kwa sababu ya jambo baya analotendewa. Hapo ngazi ya woga haifai. Ukimpandisha, unampeleka mdomoni mwa chui. Ndiyo maana mganga aliuliza kwanza. Ukigundua jambo la namna hiyo, mwamini mtoto. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Hapa Tanzania unaweza pia kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto. Kuipiga ni bure.

MWISHO WA MFANO WETU

Wiki ya kwanza binti alilia kila asubuhi. Mama alikaa chini ya mti uani mwa shule, akimnyonyesha mdogo wake. Wapita njia walicheka, "Siku hizi na mama anasoma darasa la pili?" Mama alijibu, "Ndiyo, nasoma."

Wiki ya tatu aliishia mlangoni. Wiki ya tano mvua kubwa ilinyesha, mto ukajaa, shule ikafungwa siku nne. Binti alipoanza tena, tumbo likarudi. Baba akataka kukunja uso, kisha akakumbuka ngazi. Akasema, "Haya, turudi hatua mbili." Asubuhi hiyo alimpeleka yeye mwenyewe kwa baiskeli.

Kabla ya muhula kwisha, siku moja ya Jumatatu, mama aliamka akaona kitanda cha binti kitupu. Akashtuka, akatoka nje mbio. Bibi alikuwa anafagia uwanja.

"Mjukuu yuko wapi, mama?"

"Kaenda kuwahi namba. Kasema nikuambie ameaga."

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tumbo la binti lilipona ikifika saa nne?

2. Baba, bibi na jirani walitoa ushauri tofauti. Kila ushauri ungeleta nini?

3. Mganga alifanya mambo gani kabla ya kuchora ngazi? Kwa nini?

4. Katika kijiji chenu, watoto hutishwa kwa maneno gani? Mnaweza kuyaacha?

5. Mfikirie mtoto anayeogopa mbwa. Andikeni ngazi yake yenye hatua tano. Ya kwanza iwe rahisi kabisa.

MANENO YA SOMO

Wasiwasi: hofu ya jambo ambalo halijatokea.
Kukabili: kusimama mbele ya jambo bila kukimbia.
Kiini: kitu cha ndani kabisa, jambo lenyewe.
Kikwazo: kitu kinachozuia njia.
Safura: ugonjwa unaoletwa na minyoo inayonyonya damu.

Ndugu msomaji, gazeti likiisha kusomwa usilifungie maandazi kwanza. Mpe jirani mwenye mtoto.